Baada ya kisu: mwongozo kamili wa maamuzi ya tiba kwa saratani ya titi ya hasi tatu

Siku dada alipotolewa mpira wa kunyonya maji kwapani, baada ya titi lenye saratani kukatwa, majirani walijaa sebuleni. Mmoja alileta kuku, mwingine maziwa, na kila aliyeingia alisema neno lile lile: "Afadhali limetoka." Dada naye aliamini hivyo. Wiki iliyofuata daktari akamwambia bado kuna kemo, na huenda na mionzi. Hakusema kitu njia nzima, hadi tuliposhuka kituoni ndipo akaniuliza, "Mdogo wangu, si wamelitoa? Sasa wanatibu nini?"

Kisu huondoa uvimbe unaoonekana. Seli chache zinaweza kuwa zilishatoroka kuingia kwenye damu kabla ya siku ya upasuaji, na hakuna picha ya kawaida inayoziona. Kwa aina nyingine za saratani ya titi, seli hizo hubanwa kwa vidonge vya homoni kwa miaka 5 au 10. Hii ya hasi tatu haina vipokezi vya estrojeni, haina vya projesteroni, wala haina protini ya HER2 ya kutosha kulengwa. Kwa hiyo tamoxifen anayomeza jirani haitamsaidia mgonjwa wako, na Herceptin inayotajwa redioni, dawa ya kulenga HER2, pia haimhusu. Silaha kuu ni kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani. Aina hii huwapata zaidi wanawake wenye umri mdogo na wenye asili ya Afrika, ndiyo maana katika kliniki zetu utakutana nayo mara nyingi.

Mimi si daktari. Nilikuwa mbeba faili, na nilibeba karibu mwaka mzima. Ninayoandika hapa ni ya kukuwezesha kuuliza kwa akili, si ya kujitibu.

Hatua ya 1: Ipate ripoti ya patholojia, uisome mwenyewe

Karatasi hii, majibu ya maabara ya kinyama kilichotolewa, ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Omba nakala, ipige picha kwa simu, mtumie ndugu mmoja asiyepoteza vitu. Kisha tafuta mambo haya.

ER (vipokezi vya estrojeni) na PR (vya projesteroni): chini ya asilimia 1 ni hasi. ER ikiwa kati ya 1 na 10 huitwa chanya hafifu. Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi hutenda kama hasi tatu na hupewa kemo vilevile, lakini muulize daktari kama vidonge vya homoni viongezwe. Usiridhike na neno "hasi" lisilo na namba.

HER2: 0 na 1+ ni hasi, 3+ ni chanya. Penye 2+ bado haijulikani, na lazima kifanyike kipimo cha pili kiitwacho FISH. Mtu mwenye 2+ asiyefanyiwa FISH hajathibitishwa kuwa wa hasi tatu, hata kama kila mtu kliniki anamwita hivyo. FISH ni ghali na hufanyika sehemu chache, lakini tofauti yake ni tiba nzima.

Ukubwa wa uvimbe kwa milimita, idadi ya matezi ya kwapani (ukiona 1/11, maana yake yalichunguzwa 11 na 1 lina saratani), na kingo za nyama iliyotolewa. Kingo zikiwa na saratani, huenda kisu kikarudi kabla ya mengine yote.

Hapa niseme jambo ambalo vijitabu havisemi. Kwetu, ndugu wa mgonjwa ndiye mara nyingi hubeba kinyama kwenda maabara. Mimi nilikabidhiwa ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko wa bluu, nikapanda nayo daladala nikiwa nimeipakata kama mtungi wa uji. Nyama ilikuwa imejaa ndoo, formalini imefika nusu. Sikujua kwamba nyama inapaswa kuingia kwenye formalini ndani ya saa moja, ikae humo kati ya saa 6 na 72, na dawa iwe nyingi kuizidi nyama mara kadhaa. Ikihifadhiwa vibaya, vipokezi huharibika na majibu yanaweza kusoma hasi wakati si hasi. Kwa hiyo kama una shaka na namna kinyama kilivyosafiri, uliza kama vipimo vya ER, PR na HER2 vinaweza kurudiwa kwenye kile kinyama kidogo cha biopsi ya mwanzo. Ni swali la haki kabisa, na mpatholojia mzuri hachukii kuulizwa.

Hatua ya 2: Hesabu wiki kuanzia siku ya upasuaji

Chukua kalenda ya ukutani, zungushia tarehe ya upasuaji. Lengo ni kemo ianze kati ya wiki ya 4 na ya 6, kidonda kikishafunga. Mstari mwekundu uchore siku ya 90. Utafiti mkubwa wa California uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliochelewa kupita siku hiyo walifariki zaidi kuliko waliowahi, na waliodhurika zaidi na uchelewaji walikuwa hawa wa hasi tatu.

Ripoti yetu ilitoka wiki ya 6. Hakuna aliyetupigia, nilienda dirishani mara nne, na mara ya nne nikaambiwa iko mezani siku tisa. Fundisho nililopata: usisubiri kuitwa. Na wakati unasubiri ripoti, maliza mambo mengine ili siku ikitoka mgonjwa aanze mara moja:

- Kipimo cha moyo cha ekokadiogramu, kwa sababu doxorubicin, ile dawa nyekundu ya kemo, inaweza kuuchosha moyo.
- Damu: chembe zote, ini, figo, sukari.
- Homa ya ini B. Virusi vilivyolala vinaweza kuamshwa na kemo. Vikijulikana mapema kuna vidonge vya kuvizuia.
- VVU. Anayetumia ARV asiziache, bali ataje majina yake, maana zenye ritonavir hugongana na baadhi ya dawa za kemo.
- Kipimo cha mimba, kwa mwenye umri wa kuzaa.
- Jino bovu. Ling'olewe au litibiwe sasa, si katikati ya kemo.
- Kibali cha bima, iwe NHIF (Tanzania) au SHA (Kenya). Uliza mapema dawa ipi inalipiwa na ipi hailipiwi.

Sitiskani (CT scan) ya mwili mzima na ya mifupa si lazima kwa kila mtu. Huombwa pale uvimbe ulipokuwa mkubwa, matezi mengi yameguswa, au kuna dalili kama maumivu ya mfupa. Usiuze mbuzi kwa ajili ya picha ambayo daktari hakuiomba.

Hatua ya 3: Simama kwenye njia panda

Kwenye benchi la kliniki tulikaa na mama mmoja wa Korogwe. Ugonjwa wake ulikuwa ule ule wa dada, umri wao unakaribiana, na wote walitolewa titi. Lakini yeye alipewa vidonge na dada akapewa dripu, na kwa wiki mbili dada aliamini amepewa tiba ya maskini. Sivyo. Swali linalogawanya njia ni moja: kisu kilitangulia, au kemo ilitangulia?

Kama kisu kilitangulia, ukubwa na matezi ndivyo vinavyoongea. Uvimbe usiozidi milimita 5 na matezi safi: mara nyingi kemo haihitajiki, kwa kuwa faida yake ni ndogo kuliko madhara. Milimita 6 hadi 10: hapa ni mazungumzo, pima umri, afya na namna seli zilivyo kali. Zaidi ya milimita 10, au tezi lolote lenye saratani: kemo inashauriwa. Wa dada ulikuwa milimita 26, tezi 1 kati ya 11. Hapakuwa na mjadala.

Kama kemo ilitangulia, angalia kilichobaki kwenye nyama iliyotolewa. Ikiwa hakuna saratani hai kwenye titi wala kwapani, hiyo ni habari njema kuliko zote katika ugonjwa huu. Kemo nyingine haihitajiki. Ikiwa kuna iliyobaki, hata kidogo, tiba inaendelea, na hapo ndipo vinapokuja vile vidonge vya mama wa Korogwe.

Unayesoma haya kabla ya upasuaji, kwa ajili ya ndugu yako: uvimbe ukizidi sentimita 2 au tezi la kwapani likiwa limeguswa, muulize daktari kwa nini kemo isitangulie. Sisi hatukuuliza, maana biopsi ya kwanza ilisema "saratani" tu bila ER wala HER2, na kila mtu alitaka litoke haraka. Kemo ikitangulia unaiona ikifanya kazi au ikishindwa, na hilo hufungua milango ambayo aliyeanza na kisu haioni tena.

Hatua ya 4: Kemo kwa aliyeanza na kisu

Mpangilio wa kawaida ni doxorubicin pamoja na cyclophosphamide mara 4, kila baada ya wiki 2 au 3, kisha paclitaxel. Jumla ni takribani miezi 5 hadi 6. Kwa uvimbe mdogo au moyo dhaifu, kuna mpangilio mfupi wa docetaxel na cyclophosphamide mara 4, usio na dawa nyekundu.

Uliza hasa juu ya paclitaxel. Hospitali nyingi huitoa kila wiki 3 ili mgonjwa asisafiri mara nyingi. Lakini utafiti wa Marekani wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kuipata kila wiki, mara 12, kunaokoa maisha zaidi kuliko kila wiki 3. Ukiweza kupata pa kulala karibu na hospitali kwa miezi mitatu, huo ndio msaada wa kuomba kwa ndugu, kuliko kuchangiwa virutubisho vya makopo.

Nywele zitatoka, kwa kawaida wiki ya 2 au ya 3. Dada alinyolewa na binti yake uani, jioni, kabla hazijaanza kudondokea kwenye chakula. Mkojo utakuwa mwekundu siku moja au mbili baada ya dawa nyekundu. Ni rangi ya dawa, si damu. Paclitaxel huleta ganzi vidoleni. Ukianza kushindwa kufunga vifungo vya gauni, sema, kwa sababu ganzi ikikolea inaweza isiondoke.

Sasa homa. Tafadhali isome aya hii mara mbili. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe hushuka chini kabisa. Joto likifika 38, iwe saa sita mchana au saa nane usiku, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usimeze Panadol kwanza ili "uone kama itashuka", maana itaficha homa huku maambukizi yakienea. Usiende duka la dawa kununua dozi ya malaria. Malaria ipimwe, sawa, lakini pamoja na chembe nyeupe, na mlangoni useme kwa sauti: "Niko kwenye kemo." Maneno hayo matatu yalimwondoa dada kwenye foleni ya watu arobaini. Nunua kipimajoto cha dijitali kabla ya dripu ya kwanza.

Chembe nyeupe hazipandi kwa juisi ya rozela, hata uchemshe gunia. Rozela si mbaya, kunywa. Ila zinazopandisha ni muda, au sindano ya filgrastim, ambayo inatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa friji. Ukisafiri nayo, ibebe kwenye chombo chenye barafu, isiiguse barafu yenyewe.

Vipi kuhusu pembrolizumab, ile dawa ya kuamsha kinga inayozungumzwa sana? Faida yake katika hatua hizi ilionekana ilipoanza pamoja na kemo kabla ya upasuaji na kuendelea baada yake, mara 9: baada ya miaka 5, waliokuwa hai walikuwa asilimia 86.6 dhidi ya 81.7 ya waliopata kemo peke yake. Kwa aliyeanza na kisu, dawa ya kundi hilo hilo, atezolizumab, ilijaribiwa pamoja na kemo baada ya upasuaji na haikuongeza kitu. Kwa hiyo mtu akikuambia uza kiwanja ununue dawa ya kinga ilhali titi lilishatolewa mwanzo, muombe akuonyeshe ushahidi kwanza.

Hatua ya 5: Vidonge, kwa aliyebakiwa na saratani baada ya kemo

Capecitabine ndiyo ya kuulizia kwanza, na bahati njema ni kwamba zipo za bei nafuu kuliko dawa mpya. Utafiti uliofanyika Japani na Korea Kusini, uliochapishwa mwaka 2017, ulifuatilia watu waliobakiwa na saratani. Kwa wale wa hasi tatu, waliokuwa hai baada ya miaka 5 walikuwa asilimia 78.8 kwa waliomeza, na 70.3 kwa wasiomeza. Humezwa asubuhi na jioni kwa siku 14, kisha siku 7 za kupumzika, mizunguko 6 hadi 8. Meza ndani ya nusu saa baada ya kula. Mwenye kutumia warfarin aseme, kwani damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Kuharisha mara nyingi kwa siku ni sababu ya kusimamisha vidonge na kupiga simu kliniki, si kuvumilia.

Adha yake kubwa iko viganjani na nyayoni. Ngozi huwa nyekundu, inawaka, inachanika. Mama wa Korogwe alikuwa akifua kwa mkono, akishika jembe na kuosha vyombo kwa maji ya moto, na mzunguko wa tatu nyayo zilipasuka kama ardhi ya Dodoma mwezi wa kumi. Aliacha hayo matatu, akapaka mafuta mazito usiku na kuvaa soksi, daktari akapunguza dozi, akamaliza mizunguko yote. Kupunguzwa dozi si kushindwa. Kuacha kimya kimya bila kusema ndiko kushindwa.

Na kuna hili ambalo hatukuambiwa na mtu: vidonge hivi vinaweza kufuta alama za vidole. Mama yule alienda kusajili laini ya simu, mashine ikamkataa vidole vyote kumi, kijana wa dukani akamtazama kama mhalifu. Kama una usajili wa laini, bima au benki unaohitaji kidole, ufanye kabla ya kuanza. Alama kwa kawaida hurudi baada ya dawa kuisha.

Waliopata pembrolizumab kabla ya upasuaji huendelea nayo. Wapo madaktari wanaoichanganya na capecitabine kwa waliobakiwa na saratani. Hilo ni la kuzungumza uso kwa uso.

Hatua ya 6: Kipimo cha BRCA

Kuwa na hasi tatu peke yake ni sababu tosha ya kuomba kipimo hiki cha jeni za kurithi, hata kama hakuna ndugu aliyewahi kuugua. Ni cha damu au mate, na sampuli mara nyingi husafirishwa nje ya nchi, kwa hiyo kiombe mapema. Jeni ikikutwa na hitilafu, mambo matatu hubadilika. Kwanza, kwa walio katika hatari kubwa (waliobakiwa na saratani baada ya kemo, au walioanza na kisu wakiwa na uvimbe unaozidi sentimita 2 au tezi lililoguswa) kuna vidonge vya olaparib kwa mwaka mmoja. Pili, inabidi kuzungumzia titi la pili na ovari. Tatu, ndugu wanaitwa, na wanaume wamo. Kaka yetu alicheka alipoambiwa, hadi alipoelezwa kwamba baba anaweza kumrithisha binti yake.

Hatua ya 7: Mionzi

Aliyetolewa uvimbe tu na kubakiwa na titi, kwa kawaida atahitaji mionzi, na akiipata, uhai wake hautofautiani na wa aliyetolewa titi lote. Hasi tatu si sababu ya kulazimisha titi lote litoke. Aliyetolewa titi lote huhitaji mionzi kama uvimbe ulizidi sentimita 5 au matezi 4 na zaidi yaliguswa. Yakiwa 1 hadi 3, mara nyingi hushauriwa. Huanza wiki chache baada ya kemo kuisha.

Swali la kuuliza ni siku ngapi. Zamani ilikuwa wiki 5. Tafiti za Uingereza zimeonyesha kwamba mara 15 kwa wiki 3 zinatosha kwa wengi. Kwa mtu wa Songea anayelala kwa ndugu Mbagala akienda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kila siku, au wa Lodwar aliyepanga chumba Eldoret, wiki mbili hizo zinazookolewa ni kodi, ni nauli, ni uso mbele ya mwenye nyumba.

Hatua ya 8: Kwa anayetaka bado kuzaa

Liseme kabla ya dripu ya kwanza, hata kama daktari ana haraka. Sindano ya goserelin ya kila mwezi, ikianza angalau wiki moja kabla ya kemo, hulaza ovari na kupunguza uwezekano wa hedhi kukatika moja kwa moja. Utafiti wake wa mwaka 2015 ulifanyika kwa wanawake wa kundi hili hili lisilo na vipokezi vya homoni. Haizuii mimba. Kwa kuzuia mimba tumia kondomu au kitanzi cha shaba, si sindano wala vijiti vya homoni.

Hatua ya 9: Majani ya mstafeli na mengineyo

Utaletewa. Mstafeli, mlonge, unga usio na jina kutoka kwa mtu wa kanisani. Hakuna ushahidi kwa binadamu kwamba majani ya mstafeli yanatibu saratani ya titi, na ini la mgonjwa aliye kwenye kemo lina kazi ya kutosha. Sisi tulipokea kila kitu kwa shukrani, tukakiweka kabatini, na dada akamwambia daktari ameletewa nini. Hakuna aliyegombana na mtu.

Hatua ya 10: Tiba ikiisha

Hatari ya kurudi imejaa zaidi miaka 3 ya mwanzo, kisha inapungua sana baada ya ule wa 5. Kliniki ni kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 3 ya kwanza. Mamografia ni kila mwaka. Sitiskani na vipimo vya damu vya saratani kwa asiye na dalili havirefushi maisha, vinakula akiba na usingizi. Kinachotakiwa ni kuripoti: kivimbe kwenye kovu au kwapani, maumivu ya mfupa yasiyoondoka usiku, maumivu mapya ya kichwa, pumzi fupi, kikohozi kinachopita wiki 3. Ukipimwa TB kwa kikohozi hicho ni sawa, ila mtajie daktari historia yako, asiishie kwenye makohozi. Mkono wa upande uliopasuliwa ukianza kujaa, rudi mapema, maana uvimbe wa maji hutibika vizuri ukiwa mchanga.

Dada sasa yuko mwaka wa tatu. Mwezi uliopita alikohoa wiki tatu na siku mbili, akaenda mwenyewe kupiga picha ya kifua bila kuniambia. Ilikuwa mafua ya kiangazi. Mamografia yake ni Agosti, imezungushiwa kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ile ile ya ukutani.